Mwaka Tuliotengwa na Kijiji

Asubuhi ile bombani alikuwepo Mwalimu Mkuu Jilala, amevaa koti lake la mikutano ingawa alikuja kuchota maji. Alikuwepo Mwalimu Kulwa, mwakilishi wa chama cha walimu pale shuleni kwetu. Alikuwepo Mwalimu Zuhura wa darasa la kwanza, mtu wa Tabora mjini, na Mwalimu Revocatus wa hisabati, kijana wa Kigoma, ambaye kesi yote ilikuwa yake. Upande wa pili alikuwepo Kamanda Masanja wa sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, na fimbo yake, na Mama Holo aliyetunza ufunguo wa bomba. Kulikuwa na akina mama wengine kwenye foleni, ambao sitawataja kwa kuwa hadi leo tunaazimana chumvi. Na mimi, Minza, mpishi wa shule, wengi wananiita Mama Limi, nikiwa na ndoo za maji ya uji.

Naanza kwa kuwataja kwa sababu siku hizi nasikia kisa hiki kinasimuliwa na watu ambao hawakuwepo. Wanasema walimu walikuja wamebeba mabango. Hapakuwa na bango lolote. Kulikuwa na madumu.

Nawaandikia nyinyi mnaoanza kazi: walimu wapya mnaoshuka Katoro na begi moja na kuuliza njia ya shuleni kwa bodaboda, na nyinyi mabinti mnaoshika mwiko baada yangu. Mimi nimestaafu, kama mpishi wa shule ya msingi anaweza kusemwa amestaafu. Hakuna aliyeniaga. Magoti yalikataa kuinamia jiko, nikampa mwenzangu mwiko, nikaenda nyumbani kukaa.

Kazi yenyewe niliipata kwa sababu ya shida. Wazazi wetu walifariki tukiwa bado Kolandoto, baba kwanza na mama baadaye. Mimi ndiye mkubwa. Nilikuwa darasa la sita, nikaacha, nikawachukua wadogo zangu Shija na Kabula, tukahamia kwa mjomba upande huu wa Katoro. Mjomba alitupa kipande cha shamba, na kamati ya shule ikanipa jiko. Tangu hapo sikuingia tena darasani ila kwa kupeleka uji.

Uji wa watoto wengi una mambo yake, sikilizeni nyinyi mabinti. Unga ukorogwe kwanza kwa maji ya baridi mpaka uwe kama maziwa mazito, ndipo umiminwe kwenye maji yanayochemka, na mkono usisimame. Ukianza kutokota, vuta kuni nje, usiongeze. Na ukiungua chini, usikwangue! Hamishia wa juu kwenye sufuria nyingine taratibu, wala hakuna atakayejua. Haya alinifundisha Mama Wande, aliyekuwa mpishi kabla yangu, kwa kunipiga na kitambaa cha jikoni mgongoni. Wakati ule tulipikia mawe matatu. Baadaye likaja jiko la udongo lenye bomba la moshi, na sasa nasikia mmeletewa gesi. Vizuri, macho yenu yatapona. Yangu yameshachelewa.

Sasa nirudi kwenye mwaka ule.

Rashi, yaani watu kukimbilia dhahabu, ilitokea nyuma ya kilima cha shule wakati shule zinafunguliwa. Mtu mmoja alichimba choo akaona dhahabu, au ndivyo walivyosema, na wiki hiyohiyo kilima kikajaa maturubai. Walimu waliokuwa wamepanga kijijini waliambiwa watoke, vyumba vinatakiwa na wachimbaji. Mwalimu Zuhura alihamia stoo ya shule, akalala pamoja na mipira na chaki. Madarasa yakafurika watoto wa wageni asubuhi, na kufika saa nne wavulana wakubwa walikuwa wametoroka kwenda karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Kabla mawe hayajaingia kwenye mashine lazima yapondwe kwa nyundo, na mikono midogo ndiyo rahisi kupatikana. Wasichana walibeba maji ya kuoshea.

Limi wangu, mtoto pekee niliyejaliwa, alikuwa darasa la saba. Alianza kurudi nyumbani na miguu ya vumbi jeupe. Nikimuuliza anasema mchezo wa shule. Siku moja Mwalimu Revocatus aliuacha ubao na hesabu nusu, akaenda karasha na vidole vyenye chaki, akawatoa watoto wake mmoja mmoja kwa majina. Limi alikuwa miongoni mwao, ana ndoo kichwani. Mwalimu hakuishia hapo. Alikwenda kata, akaeleza. Wakubwa wakaja, karasha ikafungwa.

Sasa mwenye karasha alikuwa ameahidi kijiji mabati ya ofisi, na nusu ya kijiji walikuwa wanapata riziki pale. Sungusungu walikaa, wakamtenga Mwalimu Revocatus.

Nyinyi mnaotoka mbali huenda hamjui maana yake. Aliyetengwa hasalimiwi. Hauziwi dukani, hachotewi maji, mashine haimsagii, bodaboda haimpakizi, na akifiwa watu hawaendi kuchimba kaburi. Anayemsalimia anatozwa mbuzi, na akikataa kumtoa anatengwa naye. Hapigwi wala hatukanwi. Watu wanapita mbele yake kama wanapita mbele ya kichuguu. Nimeona wanaume wenye ng'ombe wengi wakilia kwa ajili hiyo.

Walimu walikutana jikoni kwangu, kwa kuwa ofisini kulikuwa kunavuja na jikoni kulikuwa na uji. Mwalimu Kulwa alikuwa ameshampigia simu katibu wa chama wa wilaya.

"Amesema atakuja," alisema. "Amelipokea, analifuatilia."

"Kufuatilia kunaliwa?" Mwalimu Zuhura aliuliza. "Kila mwezi wanatukata. Mimi nalala na mipira ya watoto, Revo hana hata chumvi. Hicho chama kiko wapi?"

"Chama ni wewe uliyekalia ndoo ya Mama Limi," Mwalimu Kulwa alimjibu. "Inuka kwanza, anaihitaji."

Tulicheka, ila Mwalimu Revocatus hakucheka. Alisema ameshafunga begi. Ataomba uhamisho, na kama hautakuja ataondoka hivyohivyo. "Dada Kulwa, nimekaa siku zote hizi sijaambiwa hata pole na mtu wa hapa. Nikipita, watoto wadogo wanavutwa ndani. Sijaua mtu."

Nilikuwa nakoroga, nimewapa mgongo. Nilijua akiondoka darasa la saba halina mtu wa hisabati, Mwalimu Mkuu alishaomba mwingine hadi akachoka. Nilijua pia Limi atarudi kubeba maji kilimani, safari hii bila kunificha. Mimi niliacha shule nikiwa na umri kama wake. Nilikuwa sina sababu nyingine ya kuamka alfajiri ila hiyo, kwamba huyu amalize.

Mwalimu Kulwa alikuwa Msukuma wa Shinyanga, baba yake mwenyewe aliwahi kuwa sungusungu. Alikunywa uji wake wote, kisha akasema: "Sheria yao naijua. Anayemsalimia aliyetengwa anatengwa. Basi twende tukamsalimie wote, mahali watu wanapoona."

"Mimi Mwalimu Mkuu nikachote maji bombani?" Mwalimu Jilala alisema.

"Mkuu, maji huwa unakunywa?"

Ndiyo asubuhi ile sasa. Mwalimu Revocatus alitangulia na dumu lake akasimama mwisho wa foleni. Foleni ikasogea mbele, ikamwacha peke yake. Mwalimu Mkuu akaja na koti lake, akajikohoza, akasema kwa sauti ya gwaride: "Mwangaluka, Mwalimu Revocatus! Mhola?"

"Mhola duhu, Mkuu," kijana alijibu, kwa Kisukuma chake cha Kigoma, na hata kwenye foleni kuna mtu alibana kicheko.

Kamanda Masanja alikuja taratibu. "Mkuu, unajua unachofanya?"

"Namsalimia mfanyakazi mwenzangu."

"Mbuzi mmoja."

Mwalimu Kulwa akafuata: "Umeamkaje, mdogo wangu?" Mbuzi mwingine. Mwalimu Zuhura akaweka dumu chini, akasema: "Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh, kaka Revo!"

Kamanda akasita. "Hiyo nayo ni salamu?"

"Ni salamu, Kamanda, tena ndefu. Weka mbuzi wawili."

Mama Holo alifunga bomba, akaweka ufunguo kifuani. Walimu wakabaki na madumu matupu. Mimi ndoo zangu zilikuwa zimeshajaa. Sikuwa nimepanga lolote, na sitawadanganya kwamba nilijisikia shujaa. Nilikuwa naumwa mgongo na nilitaka kuwahi moto. Lakini dumu la Mwalimu Revocatus lilikuwa karibu na mguu wangu, limefunguliwa, nikainua ndoo nikamimina. Nikasema, "Pole, Mwalimu."

"Mama Limi," Kamanda alisema kwa upole kabisa, maana mume wa shangazi yangu ni ndugu yake. "Wewe si mwalimu."

"Najua, Kamanda."

"Hawa wana mshahara, wana chama. Kesho watahamishwa. Wewe utabaki hapa na sisi."

"Najua."

"Haya," alisema, na akaondoka.

Jumatatu iliyofuata ndipo kijiji kilipogundua kosa lake. Walitangaza kwamba walimu wote wametengwa, na mimi pamoja nao, wakasahau kwamba kila asubuhi watoto husimama. Darasa la kwanza walisimama, wakaimba kama kawaida yao: "Shikamoo mwaliimuuu!" Na mjukuu wa Kamanda alikuwa na sauti kuliko wote. Mwalimu Zuhura akaitikia marahaba mpaka ikasikika dukani. Mchana Mwalimu Kulwa alituma ujumbe kwa sungusungu, kwa heshima zote, kuuliza mbuzi wa darasa la kwanza waletwe shuleni au kwa Kamanda. Ikabidi wakae tena. Wakasema salamu ya ndani ya darasa haihesabiwi. Watoto wakagundua kwamba dirishani ni ndani ya darasa. Wakawa wananing'inia madirishani na kumsalimia kila mwalimu anayepita, asubuhi hadi jioni, hadi Mwalimu Mkuu akaomba apumzike.

Tulicheka hivyo shuleni. Nyumbani kwangu hakukuwa na kicheko.

Walimu walikuwa wanapanda gari la mzigo barabarani kwenda Katoro kununua mahitaji. Mimi nilikuwa na mahindi kwenye gunia na pa kusagia ni mahali pamoja tu, na anayeendesha mashine ni Shija. Shija huyu nilimbeba mgongoni kutoka Kolandoto. Nilikwenda na debe langu, nikasimama mlangoni. Hakuniangalia. Palikuwa na watu. Kulikuwa na kuku anadonoa pumba, Shija akamwambia yule kuku: "Wewe kuku, unanitia matatani. Mimi nina watoto. Nikisaga mahindi ya fulani, mashine wananinyang'anya. Hujui hilo?"

Nikamwambia kuku na mimi: "Mwambie mwenye mashine dada yake hajaja kugombana. Mwambie asante."

Nikabeba debe langu. Nyuma yangu nikasikia anamfukuza yule kuku kwa hasira, na kuku hakuwa na kosa. Tangu hapo nilitwanga kwenye kinu, mimi na Limi. Ndiyo siku ambazo nilichelewa jikoni, na Mwalimu Zuhura akajitolea kupika. Alimwaga unga mkavu kwenye maji yanayochemka. Yalitoka mabonge kama ngumi, watoto wakayaita viazi vya Mwalimu Zuhura, na hadi leo kuna watu wazima na ndevu zao wanayakumbuka. Nawaambia tena: maji ya baridi kwanza.

Katibu wa chama alikuja kweli. Nasema haya kwa sababu vijana mna haraka ya kukisema chama vibaya. Alichelewa, lakini alikuja, akiwa na mtu wa wilaya, wakakaa ofisi ya kijiji tangu asubuhi. Alisema bila kufoka kwamba mwalimu aliyemtoa mtoto kwenye mawe ametimiza kazi yake, na chama hakitamwacha. Jua lilipopinda wakakubaliana: walimu wamefunguliwa, wote, na Mwalimu Revocatus asibughudhiwe.

"Na Mama Limi?" Mwalimu Kulwa aliuliza.

Kamanda akasema Mama Limi ni mwanakijiji. Amewakosea wao, na yeye mwenyewe alisema anajua. Alete mbuzi, aombe radhi, yaishe.

Katibu akamtazama Mwalimu Kulwa. "Mwalimu, hapo siwezi kuingia. Huyu si mwanachama wetu."

"Ni mpishi wetu."

"Nakuelewa. Lakini kwa utaratibu..."

"Basi andika kwamba na sisi bado tumetengwa," Mwalimu Kulwa alisema. "Tutaendelea kununua Katoro. Mkuu, unasemaje?"

Mwalimu Mkuu alikuwa amechoka, uso umemwisha. Alitaka sana kurudi kunywa maji ya bomba. Alisema, "Tunabaki." Akatoka nje kutafuta hewa.

Niliwaambia wasinifanyie hivyo. Mbuzi nisingetoa, kwa sababu maji kumpa mtu si kosa, lakini sikutaka watu wazima washinde njaa kwa ajili yangu. Mwalimu Kulwa aliniambia nikoroge uji.

Mvua za masika zikaingia. Kwetu matuta ya viazi hayalimwi na mtu mmoja. Unaita majirani, wanakuja na majembe, unawapikia, shamba linakwisha mchana. Halafu kila aliyekuja unamdai? Hapana, wewe ndiye unayedaiwa. Kila mmoja unamlipa siku yake ya kulima, naye akiita unakwenda, hata iwe miaka imepita. Mwaka ule sikuwa na wa kumwita. Viazi vikikatwa na kukaushwa ndiyo michembe, na michembe ndiyo chakula chetu cha miezi ya njaa. Nililima mwenyewe tuta moja kwa jioni baada ya jiko, Limi ananifuata na mbegu. Majani yalikuwa yanaota kwa kasi kuliko jembe langu.

Jumamosi moja niliamka nikasikia watu shambani. Walikuwa walimu wetu wote, na wengine ambao sikuwajua, wanaume na wanawake. Mwalimu Kulwa alikuwa amewaita kupitia wawakilishi wenzake wa shule za jirani. Wengine walikuja kwa baiskeli, majembe yamefungwa nyuma. Wengine majembe waliazima njiani na hawakujua kuyashika. Mwalimu Zuhura alilima tuta lililopinda, likaingia kwenye la mwenzake.

"Dada, hilo ni tuta au mto?" Mwalimu Revocatus alimuuliza.

"Nyamaza. Hesabu zako na tuta langu nani anaelewa?"

Watu wa kijiji walisimama barabarani kutazama, mwanzo kwa kucheka. Walimu waliendelea. Jua likawa kali, mtu mmoja wa shule jirani akatapika kwa uchovu, akanawa, akarudi kwenye tuta lake. Kicheko cha barabarani kikapungua. Kisha nikamwona Shija anakuja kutoka mashineni, mwili mweupe kwa unga. Hakumtazama mtu. Alichukua jembe lililoegeshwa, akaanza tuta upande wa mwisho, peke yake, akilima kama mtu anayegombana na ardhi.

Kamanda akaita kutoka barabarani: "Shija! Unalima na nani hapo?"

"Nalima mwenyewe, Kamanda," Shija alijibu bila kuinua kichwa. "Hawa nimewakuta."

Mtu mmoja barabarani alianza kucheka, na mara hii haikuwa kwa ajili ya walimu. Kamanda alisimama kidogo, akageuka, akaenda zake.

Msitegemee niwaambie kulikuwa na kikao cha kunifungulia. Hakikuwepo. Hakuna mbuzi aliyechinjwa, hakuna aliyeomba radhi, wala mimi sikuomba. Asubuhi moja nilifika bombani, Mama Holo akafungua akasema, "Leo umechelewa, Mama Limi," kama vile tulionana jana yake. Nikachota. Hivyo ndivyo ilivyokwisha.

Mwalimu Revocatus alibaki mpaka darasa la saba walipofanya mtihani. Si wote waliofanya. Karasha nyingine ilifunguliwa ng'ambo ya kilima, na baadhi ya wavulana aliowatoa kwa majina walirudi huko, akawafuata tena, na safari hii hawakuja. Baada ya hapo alizungumza kidogo na kila mtu. Limi alifanya mtihani, akafaulu. Januari Mwalimu aliondoka kwa uhamisho alioomba mwenyewe, mchana, akiaga nyumba kwa nyumba, na watu walimwitikia.

Mimi nikaanza kulipa. Mwalimu Mkuu nilimlimia pamba yake Shinyanga. Mwalimu Zuhura hakuwa na shamba, nikamsiribia kuta za jiko lake. Mwalimu Revocatus nilimfuata alikohamia, siku mkewe amejifungua, nikalima maharage yao yote mtoto akiwa amelala kivulini. Mwaka huu nilikwenda kwa Mwalimu Kulwa, ambaye naye amestaafu na anakaa Shinyanga mjini. Nilifunga jembe kwenye kanga. Nikakuta uani kwake kote kuna saruji na vigae, hakuna hata pa kupanda mchicha.

"Mama Limi, utalima vigae?" alisema, akacheka hadi akakaa chini. Tukanywa chai. Nikarudi na jembe langu kwenye basi.

Na huyo namjua anakokaa. Wale wa shule za jirani sikuwahi kuuliza hata majina. Siku ile nilikuwa napika, wakala, wakafunga majembe kwenye baiskeli, wakaondoka kabla sijaosha mikono. Nimeulizia. Wengi wamehama, wengine wamekufa. Kama mzazi wako alifundisha upande huu wa Katoro, na aliwahi kurudi nyumbani Jumamosi na malengelenge mikononi akasema ametoka kulima matuta ya mpishi asiyemjua, naomba uniambie. Siku yake bado iko kwangu.